SIMU NA AMANA YA MAJINA YA WATU

Tuliulizwa darasani: Je, mtu aweza kuitoa simu yake katika macho ya makampuni, na bado akabaki na M-Pesa, WhatsApp na benki yake? Suala hili ni zuri, na yatupasa kulijibu kwa kituo.

Kwanza ifahamike kuwa kila simu ina mfumo wa uendeshaji, nao ndio unaotawala yote yaliyomo. Simu nyingi za mji wetu hutumia Android. Msingi wake hutolewa wazi kwa kila mtu. Lakini juu ya msingi huo Google huweka huduma zake, zikapewa madaraka ambayo programu nyinginezo hazina. Hapo ndipo penye ila.

Wako watu waliouchukua msingi ule ule wakajenga mfumo mwingine, ambao tangu mwaka 2019 waitwa GrapheneOS. Ndani yake hamna huduma za Google. Mwenye kuzihitaji aweza kuzitia mwenyewe, lakini huingia kama programu yoyote nyingine, bila ya daraka la pekee. Ni kama mgeni aliyekaribishwa barazani akapewa kahawa, wala hakupewa ufunguo wa ndani. Hivyo ndivyo mtu anavyobaki na programu zake.

Na faida iliyo kubwa kwetu ni ya orodha ya majina. WhatsApp huomba kuisoma orodha yote. Humo mna nambari ya jirani, ya mkwe, na ya mjane aliyetuomba msaada kwa siri. Na hao hawakutupa nambari zao ili tuwape wengine. Hizo ni amana. Katika mfumo huu mwenye simu huchagua majina atakayo, programu ikaona hayo tu. Kadhalika programu isiyohitaji intaneti hunyimwa intaneti.

Suala: Njia ya kuhamia ni ipi?

Jawabu: Simu iwe ni Pixel, na kufuli lake la kiwandani liwe lafunguka. Baadhi ya zilizouzwa na makampuni ya simu ya ng'ambo hazifunguki, basi uliza kabla hujanunua. Mfumo hutiwa kwa waya kutoka kwenye kompyuta, na mwisho kufuli hufungwa tena. Kulifungua hufuta kila kilichomo. Kwa hivyo weka kwanza nakala ya picha na mazungumzo yako.

Sisi wenyewe tulifanya haraka. Tulihama kabla ya kuuliza juu ya programu ya benki, nayo ikakataa kufanya kazi, kwa kuwa baadhi ya programu za benki hupima kama mfumo umeidhinishwa na Google. Mwalimu wa chuo akangojea mshahara wake siku mbili kwa kosa letu. Basi andika kwanza programu usizoweza kuziacha, uulizie moja moja, na simu ya zamani usiiuze mpaka upite mwezi. Ama M-Pesa, hata programu yake ikikataa, *334# haihitaji programu wala intaneti.

Suala: Je, mtu huyo huwa amejificha kabisa?

Jawabu: La. Kampuni ya laini hujua kwa minara yake simu ilipo, na WhatsApp hubaki ikijua nani aandikiana na nani. Lililopungua ni wingi wa wanaochungulia, nalo si dogo.

Na asiyeweza kununua Pixel asikate tamaa. Leo usiku afungue mipangilio ya simu aliyo nayo, atazame ni programu zipi zina ruhusa ya majina, ya kinasa sauti na ya kujua alipo, na aiondoe ruhusa kwa kila isiyoihitaji. Kazi hiyo haina gharama. Nambari za watu zimo mikononi mwetu. Na tuzilinde kama tupendavyo zetu zilindwe.