Je, Mwenye Wazimu Ameingiwa na Jini?

Ndugu msomaji, huko Pemba mtu akianza kusema peke yake usiku, akakataa chakula na kuwashuku jamaa zake, aghalabu watu wa nyumba huulizana kwanza: ni nani aliyemwingia? Sifa ya uganga wa kisiwa hiki ni ya zamani. Mwandishi wa Kiingereza Evelyn Waugh, katika kitabu chake cha mwaka 1931, aliitaja Pemba kuwa ni makao ya elimu ya uchawi, wanakokwenda wanafunzi kutoka nchi za mbali. Hatuna haja ya kuijadili sifa hiyo. Tunalotaka kulichunguza ni hili: kila jibu la swali lile limebeba tiba ndani yake, na tiba hiyo humfikia mgonjwa, kwa heri au kwa shari.

Akisemwa kuwa ana shetani, hutafutwa mganga, hupigwa ngoma, hutolewa kafara, au hunyweshwa kombe, yaani aya zilizoandikwa kwa zafarani katika sahani na kuoshwa kwa maji. Lakini yatupasa kufahamu kwamba katika Kiarabu mzizi wa neno jini una maana ya kufichika. Kwenye mzizi huo huo limo neno janini, mtoto aliyefichika tumboni, na pia majnuni, ambalo laweza kufahamika kuwa ni mtu ambaye akili yake imefunikwa. Kilichoifunika ni nini? Hilo ni la kutafutwa.

Wanazuoni wa Kiislamu walilitafuta zamani sana. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alitunga kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi, akaeleza hofu, hasira, huzuni na wasiwasi kuwa ni maradhi yenye tiba. Aliitenganisha huzuni yenye sababu ijulikanayo na ile isiyo na sababu, na hii ya pili akaihusisha na hali ya mwili. Matabibu wa leo hawako mbali na hapo.

Wako wasemao kuwa ugonjwa umo katika ubongo. Tiba yao ni dawa. Mwaka 1952 mjini Paris ilianza kutumiwa klopromazini, na wagonjwa waliokuwa wakifungwa miaka mingi wakaweza kurudi majumbani. Wako waliomfuata Freud wa Vienna, wakitafuta chanzo katika mambo ya utotoni yaliyosahauliwa. Wengine, kama Aaron Beck wa Marekani, walimfundisha mgonjwa kuzipima fikra zake mwenyewe: je, ni kweli kwamba kila mtu anamchukia? Na wako watazamao umaskini, msiba na nyumba anamoishi. Kwa maoni yetu kosa si kuchagua moja katika hizi, bali ni kudhani kwamba moja yatosha kwa kila mgonjwa.

Huenda ukauliza, ewe msomaji: yana faida gani haya kwa mtu wa kawaida? Basi kumbuka mwaka 1995. Mwanzoni mwa mwaka huo Pemba iliingiwa na hofu ya Popobawa. Watu walisema wameamka usiku wakiwa wameelemewa kifuani, hawawezi kujitikisa wala kupiga kelele. Wakawa wanakesha nje kwa makundi, wameota moto. Hofu ikavuka bahari hadi Unguja, na huko mjini umati wa watu ulimwua mtu mwenye maradhi ya akili, wakidhani kuwa ndiye Popobawa.

Wachunguzi kadhaa wameyalinganisha masimulizi hayo na jinamizi. Mtu anapoota, viungo vyake hulegea ili asiitende ndoto. Akili ikiamka kabla ya viungo, hujiona amefungwa, na mabaki ya ndoto huweza kuonekana kama mtu aliyesimama chumbani. Hali hiyo hupita yenyewe baada ya muda mfupi. Lau jambo hili lingalijulikana nyumba kwa nyumba, huenda mtu yule asingaliuawa.

Hata hivyo, uadilifu wataka tuseme na upande wa pili. Mtaalamu wa Kimarekani Juli McGruder alizichunguza familia za Zanzibar zenye wagonjwa wa akili. Aliona kwamba wale waliosema ni mashetani, mara nyingi hawakumlaumu mgonjwa. Akitulia, alirudishiwa nafasi yake nyumbani kana kwamba hakuna lililotokea. Nao watafiti wa London, tangu miaka ya 1950, walikuta kwamba mgonjwa arudiye kwenye nyumba ya lawama na uhasama huugua tena upesi zaidi. Subira hiyo ya wazee wetu ni tiba, ingawa maelezo yao hatuyakubali.

Kwa hiyo mwenye mgonjwa asimfunge kamba wala asimpige ili shetani atoke. Ampeleke hospitali ya Wete, Chake Chake au Mkoani. Na kule Unguja iko hospitali ya maradhi ya akili ya Kidongo Chekundu. Akipenda kumsomea dua, amsomee, lakini vidonge asiviache. Dawa nyingi za akili huchukua wiki kadhaa kabla ya nafuu kuonekana vizuri, na wengi huzitupa katika wiki hizo hizo. Mgonjwa akisema kuwa anataka kujiua, asiachwe peke yake hata kidogo, na apelekwe hospitali saa ile ile.