Mti Mmoja, Bei Tatu: Vidokezo Kabla ya Kuita Fundi Kampala

1. Tazama chini kabla ya kutazama juu. Mwembe uliosimama peke yake shambani Wakiso hukatwa shinani, ukaanguka, kazi ikaisha. Mwembe wa kimo hichohicho ukiinamia mabati ya jirani Makindye, fundi lazima apande, afunge kila tawi kamba, akate, na wenzake walishushe taratibu. Ya saa moja inakuwa ya kutwa, na watu wanaongezeka. Kwa hiyo usitaje mti kwa simu ukaomba bei. Aje aone tangi la maji, ukuta wa uzio na banda la kuku.

2. Nyaya za umeme. Tangu Aprili 2025 wasambazaji ni UEDCL, si kampuni ya Umeme tena. Waombe wazime laini kwanza. Fundi anayesema atapitisha msumeno pembeni ya waya, mfungulie geti aende zake.

3. Kibali. Ndani ya jiji, omba ruhusa mamlaka ya jiji, KCCA, mapema. Bei rahisi inayoruka hatua hii inakuachia wewe kesi.

4. Mti mkavu si rahisi. Wengi hudhani uliokufa utakatwa kwa bei ya chini; kumbe tawi lililooza halibebi mtu wala kamba, na fundi mwenye akili atadai zaidi. Hata mti mbichi una shida zake: mfenesi una utomvu unaoganda kwenye mnyororo wa msumeno.

5. Magogo ni ya nani? Hapa ndipo wenye nyumba wanapopunjwa. Kampala kuni zina soko, na mbao zina soko la Ndeeba. Ukiwa na mvule au musizi mnene, ulizia kwanza thamani ya mbao, kisha patana na fundi: akichukua magogo, akupunguzie. Na matawi je? Lori la kuyabeba ni gharama ya peke yake, isemwe mapema.

6. Kisiki huhesabiwa peke yake. Mkaratusi ukiachiwa kisiki utachipua tena, na utamwita fundi yuleyule.

7. Mvua za Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba, hufanya vilima viteleze na lori likwame. Januari au Julai utapatana vizuri zaidi.

Ukishapatana, andikeni kila kitu kwenye karatasi, na salio ulilipe uwanja ukishafagiwa.