SOMO: ASIYEKUBALI KUSHINDWA SI MSHINDANI

Shabaha ya somo: Wanachama na viongozi wa vyama vya msingi waelewe wajibu wao mara baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa.

1. Mfano kutoka historia yetu

Paul Bomani ni mmoja wa waasisi wa ushirika wa pamba katika Kanda ya Ziwa. Katika miaka ya 1950 wakulima walilalamikia kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Yeye na wenzake waliwaunganisha, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, lililohudumia wakulima wa kanda hii, wakiwamo wa Shinyanga na Geita. Baada ya Uhuru akawa Waziri wa Fedha.

Katika Uchaguzi Mkuu wa mwaka 1965 karibu kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili wa TANU, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Bomani aligombea Mwanza, nyumbani kwake, akashindwa. Sifa za uasisi wala cheo cha uwaziri havikumwokoa. Hata hivyo, hakuacha utumishi. Rais Nyerere alimteua kuwa mbunge na kumpa wizara nyingine. Na tangu mwaka 1972 alikuwa Balozi nchini Marekani.

Fundisho ni kwamba kura humwondoa mtu katika kiti, haimwondolei heshima wala uwezo wake. Lakini si kila aliyeshindwa atapewa kazi nyingine. Mwenyekiti wa chama cha msingi akishindwa hurudi shambani kwake, na kwa hiyo kushindwa kwake ni kuchungu zaidi. Wanachama hawana budi kulitambua jambo hilo.

2. Matokeo yakiwa na utata

Kukubali kushindwa si kunyamazia hila. Mwaka 2010, katika jimbo la Shinyanga Mjini, tofauti iliyotangazwa kati ya mshindi wa ubunge na aliyemfuatia ilikuwa kura moja tu. Shauri lilipelekwa Mahakama Kuu. Huo ndio utaratibu: mwenye shaka huomba kura zihesabiwe upya mbele ya mawakala, huandika malalamiko yake, na huyafikisha panapohusika. Kwa vyama vya ushirika, shaka hupelekwa kwa Mrajis chini ya Sheria ya mwaka 2013.

3. Hasara ya kususa

Tuchukue mfano wa chama chenye uchaguzi mwezi wa Aprili. Mwenyekiti aliyeshindwa anakataa kukabidhi muhuri, ufunguo wa ghala na vitabu vya hesabu. Msimu wa pamba unafunguliwa, mizani imefungiwa. Mkulima mwenye karo ya mtoto wa kulipa hawezi kungoja. Anamwuzia mlanguzi kwa bei ya kutupa. Waliompigia kura mwenyekiti huyo wanapata hasara sawasawa na waliomnyima. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi.

4. Wajibu wa kila upande

(a) Aliyeshindwa: ampe mkono mwenzake mbele ya mkutano, akabidhi mali yote kwa maandishi na mashahidi, akiwa na malalamiko, ayapeleke kwa utaratibu huku kazi ikiendelea.

(b) Aliyeshinda: asimzomee wala kumwandama mwenzake. Amwombe ushauri, kwa kuwa anayajua madeni na mikataba ya chama.

(c) Wanachama: wasiimbe nyimbo za kejeli mlangoni pa aliyeshindwa. Leo ni zamu yake, kesho ya mwingine.

5. Maswali ya majadiliano

(i) Katika chama chenu, makabidhiano ya mwisho yaliandikwa? Nani waliyashuhudia?
(ii) Kura zikipishana kwa moja, mtafanya nini kabla ya kutangaza mshindi?
(iii) Aliyeshindwa mara ya mwisho yuko wapi leo, na chama kinamtumiaje?