Mali ya Kuchunguzia Maradhi

Ndugu zetu, huko Kiamaiko, Nairobi, mbuzi huchinjwa kila siku, na mnyama aweza kumwambukiza mchinjaji maradhi kama bruselosi. Kuyachunguza kwataka mali: mishahara, vipimo na dawa. Ni nani atoaye?

Tutazame kwetu Kilifi. Tangu 1989 malaria yachunguzwa huko na KEMRI kwa msaada wa Wellcome Trust, mfuko uliotokana na wasia wa tajiri wa madawa, Henry Wellcome, aliyefariki 1936. Mali imewekezwa, na pato lake hugharimia uchunguzi. Je, si mfano wa wakfu tuujuao?

Lakini atoaye mali ndiye mwenye neno kubwa katika kuchagua maradhi ya kuchunguzwa. Basi yatupasa wakfu zetu nazo zitenge fungu la tiba, ili mchinjaji wa Kiamaiko asingoje hiari ya wageni.