Spana za marehemu ziko kwenye kiroba

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mtoto wa kwanza kati ya wanne, nyumbani Mkiwa mkoani Singida. Baba alikuwa fundi wa malori pale njia panda. Alifariki mwaka jana, arobaini tukaimaliza salama, na kwenye kikao cha familia nikapewa sanduku lake la spana, lile la chuma linalofunguka kwa trei pande zote mbili. Hakuna aliyepinga.

Mimi si fundi, hata pancha ya baiskeli napeleka kwa watu. Ila tangu darasa la tano nakusanya sarafu. Nina hela za Mjerumani alizonipa bibi, senti za tundu, shilingi za simba na zile za mwanzo zenye Mwenge wa Uhuru. Zote ziko kwenye makopo ya Blue Band chini ya kitanda. Nilipoziangalia zile trei nikaona Mungu amenipa kabati. Jumamosi moja nikamwaga spana kwenye kiroba, nikaanza kusugua.

Mdogo wangu akanikuta. Yeye anatengeneza pikipiki hapo hapo njia panda, spana zake nyingi ni za kuazima, na ndiye aliyekuwa akimsaidia baba tangu akiwa mdogo. Hajaongea nami tangu siku hiyo. Baba mdogo naye kasema sanduku la mzee haligeuzwi kuwa la vitu vya watoto. Mama anafagia tu, akifika kwenye sanduku anapita pembeni. Shangazi, mali ni yangu au si yangu? Na kama ni yangu, sarafu zitakaa salama humo?

Mwalimu, Mkiwa

Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba.

Sanduku ni lako. Kikao kilikaa, wakubwa wakasikilizwa, mdogo wako alikuwepo na hakunyoosha mkono. Baba mdogo kama alikuwa na neno angelisema siku ile. Hapo sina mengi.

Ila unaniuliza habari za sanduku wakati mdogo wako amenunia kiroba. Hebu mfikirie. Kijana aliyelala chali chini ya lori la kwenda Itigi, tochi mdomoni, mzee anasema lete 17, na ole wake akileta 19. Leo anaazima spana kwa watu ili apate hela ya kula, halafu anaingia nyumbani anaikuta ile 17 imetupwa pamoja na soketi, praizi na bisibisi kwenye kiroba, na kaka mtu amechuchumaa anasugua trei kwa raha zake. Mimi pia ningenuna.

Kikao kiligawa sanduku na vilivyomo kwa mkupuo, kama mtu anayegawa ng'ombe pamoja na kamba yake, na nadhani hakuna aliyefikiria kufungua mfuniko. Sasa fikiria wewe. Zitoe spana kwenye kiroba, zioshe kwa mafuta ya taa, zifute moja moja, zipange kwa namba, uzipeleke pale anapofanyia kazi. Uende mwenyewe, usimtume mtoto. Na usimkopeshe, mpe. Ukitaka kumbukumbu ya mzee baki na moja iliyoisha meno, isiyofungua tena nati yoyote. Wala usimwombe msamaha wa maneno mengi, mafundi hawayapendi.

Kuhusu kukusanya sarafu sina ugomvi na wewe. Nawajua wanaume waliojaza stoo ndoo tupu za rangi na betri za gari zilizokufa, na hakuna anayewaitia kikao.

Kwa baba mdogo usiende na hoja ya mali ni ya nani. Nenda na sarafu chache mfukoni, ukae, unywe chai, umwonyeshe hivyo vitu vya watoto ni vitu gani. Mwanzie na Tabora ya 1916. Vita imepamba moto, manowari za Waingereza zimeziba bahari, sarafu kutoka Ujerumani haziji, na askari wanataka mshahara wao. Basi mafundi wa karakana ya reli pale Tabora wakageuka wapiga sarafu. Wakatoa heller 5 na heller 20 za shaba, zenye taji, mwaka 1916 na herufi T ya Tabora. Wakatoa pia rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo, zaidi ya 16,000, na dhahabu yenyewe ilichimbwa Sekenke, hapo Iramba, mkoani kwenu. Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakaingia Tabora, kazi ikaishia hapo. Hela zilizopigwa na mafundi wa reli zikilala kwenye sanduku la fundi wa malori, sioni mzee angekasirika kwa lipi.

Kama katika za bibi hamna ya Tabora, chambua senti zako za tundu utafute za 1936. Baadhi zina jina la mfalme Edward VIII, ambaye hata mwaka hakuufikisha kwenye kiti. Desemba 1936 alijiuzulu ili amwoe mwanamke aliyempenda. Uingereza haikuwahi kuingiza rasmi madukani sarafu zenye sura yake. Zetu huku zilikuwa na tundu katikati, hazikuhitaji kichwa cha mfalme, kwa hiyo zilishapigwa na zikawanunulia watu chumvi na kiberiti miaka mingi baada ya yeye kuondoka. Angalia pia kama kuna herufi ndogo H au KN, maana hizo zilipigwa Birmingham. Baba mdogo ataomba miwani, na akishaomba miwani umempata.

Sasa usalama wa sarafu zenyewe. Sanduku la fundi wa malori lina grisi, kutu na unga wa chuma mpaka kwenye bawaba, na vyote vitatu ni adui wa shaba. Kusugua ulikofanya Jumamosi moja hakutoshi. Osha kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni ya unga na maji ya moto, pitisha msasa penye kutu, halafu anika mfuniko ukiwa wazi. Jua la Singida litakusaidia, lakini kipimo ni pua: ingiza kichwa ndani, na kama bado kunanuka mafuta, rudisha juani. Usipake rangi mpya ndani, mvuke wake unakaa muda mrefu na utazichafua sarafu. Nje paka nta ya nyuki kidogo kuzuia kutu. Huko kwenu kuelekea Itigi haikosekani.

Sarafu isiguse chuma cha trei. Tandika kitambaa cheupe cha pamba, kila sarafu iingie kwenye bahasha yake ndogo ya karatasi, juu uandike mwaka na aliyekupa. Vimfuko vya plastiki laini vyenye harufu viache, baada ya muda vinatoa ute wa kijani unaokula shaba. Rababendi nazo usizisogeze, zina salfa, zinaifanya fedha iwe nyeusi. Masika yakikaribia, tia humo vile vipakiti vya punjepunje vinavyokuja ndani ya viatu vipya, vinanyonya unyevu. Shilingi nzito ziweke chini kabisa, heller na senti juu kwenye trei, la sivyo mikono ya trei itapinda. Na sanduku lisikae sakafuni, liinue kwa mbao.

Kusafisha sarafu ni marufuku. Najua mkono unawasha, najua kuna watu wanasugua kwa ndimu, kwa majivu, hata kwa dawa ya meno, na zinang'aa kweli. Zinang'aa kwa sababu ngozi yake imeondoka, na thamani imeondoka nayo. Ile rangi ya kahawia iliyokolea kwenye heller ya bibi ndiyo inayoilinda. Ukiona unga wa kijani unaorudi kila ukipangusa, itenge hiyo na wenzake, basi.

Jambo jingine linanitia wasiwasi kuliko kutu. Mkiwa ni njia panda, magari ya Manyoni, ya Singida mjini na ya Rungwa yanapita hapo, na habari ya mwalimu mwenye rupia za Mjerumani kwenye sanduku la chuma haitakaa kijijini. Watakuja watu wenye maneno matamu kukuambia heller yako moja inajenga nyumba Dar es Salaam, tatizo ni hela kidogo tu ya kupimia. Heller moja za shaba zilipigwa kwa mamilioni, mwanangu. Mnunuzi wa kweli hakuombi senti. Usitoe hela, usikubali sarafu iende kupimwa bila wewe, na andika orodha yote kwenye daftari ambalo halikai ndani ya sanduku.

Nimebakiza mama. Barua nzima umemwandikia mstari mmoja, na ndiye aliyefua ovaroli za grisi miaka yote hiyo. Anapita pembeni ya sanduku na wewe hujamuuliza kwa nini. Muulize leo jioni, kabla ya baba mdogo. Muulize angependa likae chumba gani, na kama ndani kuna kitu anachotaka kubaki nacho. Akisema subiri, subiri. Spana za mdogo wako ndizo hazisubiri, zipeleke wiki hii.