Mashine Isile Ukucha

Jeli ikibanduka siku ya tano, wa kwanza kulaumiwa huwa ni rangi. Mteja anasema ni feki, fundi anasema ni kufua kwa mikono. Mara nyingi kosa limefanyika kabla hata chupa ya rangi haijafunguliwa, wakati mashine ya kusugulia kucha inanguruma. Ama ilipita harakaharaka pale ilipotakiwa kutulia, kuzunguka mzizi wa ukucha, ama ilikandamizwa pale isipotakiwa kugusa kabisa, katikati ya ukucha wenyewe. Anayejua kutenganisha sehemu hizo mbili anaweza kukaa na jeli yake wiki mbili hadi tatu ikiwa imetulia, tena kwa mashine ya bei ya kawaida.

Ukucha wa mkono una unene wa karibu nusu milimita. Ni keratini, protini ngumu isiyo na uhai, iliyopangwa tabaka juu ya tabaka. Ukishasuguliwa haujiponyi kama ngozi inavyojiponya. Ni mpaka mwingine usukumwe kutoka mzizini. Kasi yake ni milimita tatu hivi kwa mwezi, kwa hiyo ukucha ulioliwa na mashine leo utakaa nao takriban miezi sita kabla haujaisha wote. Katika muda huo kila rangi utakayopaka itasumbua, kwa sababu ukucha mwembamba hupinda kila unaposhika ndoo au kufungua mlango, na jeli iliyokwisha kukauka haipindi kwa kiasi hicho. Ikishindwa kufuatana na ukucha, inaachia. Ndiyo maana sikubaliani kabisa na mafundi wanaosema lazima ukucha uchimbwe ili rangi ishike. Kinachotakiwa kuondoka ni mng'aro wa juu tu.

Tukija kwenye mashine yenyewe, usidanganywe na namba iliyoandikwa kwenye boksi. Mashine nyingi zinazouzwa Kariakoo au katikati ya jiji la Nairobi zimeandikwa 30,000 au 35,000, yaani mizunguko kwa dakika, na kwa kazi ya kawaida hutafika huko hata siku moja. Cha maana ni nguvu ya mota ikiwa kwenye kasi ndogo. Mashine dhaifu ikigusa jeli inapunguza mwendo, mkono nao bila kufikiri unaongeza uzito ili kuisaidia, na hapo ndipo ukucha unapoumia. Muombe muuzaji aiwashe ikiwa na biti ndani, yaani kile kichwa kinachozunguka na kusugua. Ishike uisikilize: mtetemo mkali mkononi ni dalili mbaya. Kisha itazame ncha ya biti inapozunguka. Inatakiwa ionekane moja, imetulia. Ukiiona kama iko mbili, ujue biti imepinda au mshikio wa ndani umelegea. Hakikisha pia kwamba kuna kitufe cha kubadilisha upande wa mzunguko na namna ya kupunguza kasi hadi chini kabisa. Zile ndogo za kuchomeka kwenye waya wa simu, zenye kasi moja au mbili tu, zinafaa kwa kulainisha visigino. Kwenye kucha nisingezitumia. Kama umeme wa kwenu unakatika mara kwa mara, nunua ya kuchaji, ila usifanyie kazi betri iliyokaribia kuisha, kwa sababu nguvu inashuka na unajikuta unakandamiza.

Biti ndizo zinazofanya kazi, na shina lake kwa kawaida lina kipenyo cha milimita 2.35, kwa hiyo nyingi huingia kwenye mashine nyingi. Zitazame shingoni: kuna mstari wa rangi unaoeleza ukali wake. Njano ni laini sana, nyekundu laini, buluu wastani, kijani kali, nyeusi kali kupita zote. Anayeanza anahitaji chache tu. Ya kwanza ni ya almasi yenye mstari mwekundu, nyembamba yenye umbo la mwali wa moto au ya kitufe, kwa ajili ya mzizi. Ya pili ni ya seramiki au ya kabaidi yenye mstari wa buluu, kwa kuondoa jeli au kupunguza akriliki. Seramiki ndiyo ningemshauri mgeni wa kazi hii, kwa kuwa huchelewa kupata moto. Kijani na nyeusi waachie wenye uzoefu wa akriliki nene. Zile pete za msasa zinazovishwa kwenye kishikio ni za mtu mmoja, mara moja, kisha zinatupwa, na zisiguse ukucha wa asili hata kidogo.

Ukibadilisha biti, zima mashine isimame kabisa. Isukume mpaka ndani, bila kuacha kipande kirefu cha shina nje, maana hicho ndicho huleta mtetemo. Usigeuze upande wa mzunguko wakati mashine bado inazunguka. Funga nywele, pandisha mikono ya baibui, na mtandio uuchomeke vizuri. Biti inayozunguka hukamata uzi au unywele na kuuvuta mara moja.

Sasa mkono. Shika mashine kama unavyoshika kalamu, kidole chako kidogo kikiegemea kidole unachokifanyia kazi ili viende pamoja. Mteja akishtuka, mashine inashtuka naye na haimkati. Biti ilale sambamba na ukucha. Ukiisimamisha kwenye ncha, inachimba mfereji mwembamba karibu na mzizi, na baada ya siku chache utaona mstari mwekundu umezunguka pale, unauma ukiubonyeza. Pale ukucha umekatwa karibu kufika nyama, na hakuna dawa zaidi ya kusubiri ukue utoke.

Upande wa kusogeza mkono huwachanganya wengi. Biti ikigusa kitu hutaka kukimbia upande mmoja, kama gurudumu linaposhika barabara. Kazi yako ni kuisogeza upande unaopingana na mbio hizo, ili ikate kwa utulivu. Chukua ukucha wa plastiki, weka kasi ya chini, gusisha, usikilize inavutia wapi. Kisha ifanye irudi kinyume. Ukishaelewa hapo, hutahitaji kukariri kushoto na kulia, na anayetumia mkono wa kushoto atajua mwenyewe kwa nini anahitaji kugeuza mzunguko.

Hatua inayoamua kama rangi itakaa ni ya mzizini. Kila ukucha unapotoka chini ya ngozi hubeba utando mkavu, mweupe, mwembamba kiasi kwamba hauonekani mpaka uutafute. Utando huo umekufa na umegandamana na ukucha. Ukipaka jeli juu yake, jeli imeshika utando, haijashika ukucha, na utando ukiachia, rangi inaondoka nao. Lakini jirani yake kuna ngozi iliyo hai, ule ukingo unaolinda mlango wa mzizi, na hiyo haikatwi. Ikichanika, vijidudu vinaingia, na mwisho wake ni kidole kuvimba na kutunga usaha, mdudu wa kidole ambao wengi wetu tunaujua.

Fanya hivi. Usiloweke mikono kwenye maji. Ukucha hunywa maji na kuvimba, na ukipakwa rangi ukiwa hivyo utasinyaa baadaye chini ya jeli. Nawa kwa sabuni, kausha vizuri, kisha sukuma ngozi ya mzizi nyuma taratibu kwa kijiti. Weka biti ya almasi yenye mstari mwekundu kwenye kasi ya 3,000 hadi 5,000. Anza pembeni, pita kuzunguka mpaka pembe ya pili, bila uzito wowote zaidi ya uzito wa mashine yenyewe. Utaona unga mweupe unakusanyika mbele ya biti: huo ndio utando. Unga ukikoma, ondoka. Futa kwa spiriti, subiri ikauke, kisha geuza kidole kwenye mwanga. Pale penye utando uliobaki panaonekana kufifia na kuwa na weupe. Rudia hapo tu. Pembe mbili za chini, pale ukucha unapoingia ubavuni mwa kidole, ndizo zinazosahaulika kuliko zote, na ndipo mbanduko unapoanzia.

Baada ya hapo iweke mashine chini. Mng'aro wa ukucha wa asili utoe kwa msasa wa mkono, namba 180 hadi 240, kwa kupita mara chache mpaka uso uwe umefifia sawasawa. Fagia vumbi, futa tena kwa spiriti, na usiguse ukucha kwa kidole tena kabla ya kupaka bezi, lile tabaka la kwanza la jeli, maana mafuta ya ngozi yako yanatosha kuharibu kazi yote. Paka tabaka nyembamba, usiache jeli iguse ngozi, na kila tabaka ipitishe pia kwenye ukingo wa mbele wa ukucha ili kuuziba.

Wakati wa kuondoa rangi ya zamani ndipo mashine inapookoa muda kweli, na ndipo inapoharibu kuliko mahali pengine. Kwa jeli, kasi ya 10,000 hadi 15,000 inatosha. Akriliki nene inaweza kuhitaji zaidi kidogo. Mkono usisimame. Pita, inua, pita, inua, kwa sababu joto linazaliwa na msuguano unaokaa sehemu moja. Macho yako yawe kwenye vumbi. Kama rangi ni nyekundu, vumbi litakuwa jekundu, kisha litaanza kupauka. Likigeuka jeupe, umefika kwenye bezi, na hapo ndipo pa kusimama. Bezi ile nyembamba ikiwa bado imeshika imara, iache palepale, uilainishe kidogo na kupaka rangi mpya juu yake baada ya kusafisha mzizi uliokua. Hakuna sababu ya kurudi kwenye ukucha mtupu kila baada ya wiki tatu. Watu ambao kucha zao zimebaki na nguvu kwa miaka huku wakipaka jeli ni hao ambao ukucha wao wa asili hauguswi na biti.

Isipokuwa sehemu iliyobanduka. Hiyo iondoe yote mpaka mwisho wa ufa, usiifukie chini ya rangi mpya. Maji hubaki mle ndani, bakteria aitwaye Pseudomonas hustawi, na ukucha unapata doa la kijani. Ukilikuta doa hilo, usipake chochote, acha ukucha wazi na mkavu, na kama kuna maumivu nenda hospitali.

Kuna wanaotoa rangi mara kwa mara kuliko wengine, na hasa nawafikiria dada zetu Waislamu ambao hupaka wakiwa kwenye siku zao na kuitoa wanaporudi kwenye sala, ili maji ya udhu yafike kwenye ukucha. Kwao kuacha bezi si chaguo. Nawashauri wachague jeli inayoyeyuka kwa asetoni, wapitishe mashine juu juu tu kuondoa mng'aro wa tabaka la mwisho, kisha wafunge pamba yenye asetoni kwa dakika kumi hadi kumi na tano na kusukuma mabaki kwa kijiti. Inachukua muda zaidi, lakini kusaga mpaka chini kila mwezi kutamaliza ukucha. Hina haina tatizo hilo, kwani hutia rangi bila kuacha tabaka.

Usafi wa biti usifanyiwe mzaha. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na biti iliyogusa kidonda cha mtu mmoja inaweza kumfikia wa pili bila damu kuonekana. Piga brashi biti kwa maji na sabuni, ikaushe, iloweke kwenye dawa ya kuua vijidudu kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, ikaushe tena ili isipate kutu. Saluni inayojiheshimu inapaswa kuwa na autoklevu, chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke. Lile boksi lenye taa ya buluu linahifadhi vifaa vilivyokwisha kusafishwa; haliui kila kitu. Kwa nyumbani, ni nafuu kila mtu awe na biti zake. Na vumbi lile usilivute: fanyia kazi karibu na dirisha, vaa barakoa ya N95, na likitua mikononi lioshe, kwa kuwa vumbi la jeli isiyokauka vizuri linaweza kuanzisha mzio usioisha.

Mwenye kisukari, mwenye matatizo ya mzunguko wa damu au ganzi vidoleni asitumie mashine hii mwenyewe, hasa miguuni, kwa sababu anaweza kujeruhiwa bila kusikia. Wengine wote, pakeni mafuta ya kucha kila usiku kuzunguka mzizi, vaeni glavu mnapofua au kuosha vyombo, na kopo la soda lifungueni kwa mpini wa kijiko.

Ukienda saluni, sema mapema kabla mashine haijawashwa: "Dada, naomba usishuke mpaka kwenye ukucha, niachie bezi." Fundi anayejua kazi yake atakuelewa mara moja. Na ukisikia moto wakati wowote, vuta mkono. Joto hilo ni onyo kwamba mashine imekaa mahali pamoja muda mrefu mno, na huna sababu ya kulivumilia kwa adabu.