Uwanja wa Trafalgar na Kofia ya Chilembwe

Katikati ya London, mji mkuu wa Uingereza, uko uwanja uitwao Trafalgar Square. Sisi tulio Unyambwa hatujafika huko, lakini mwanafunzi wa historia aweza kuuzuru kwa kitabu na picha. Naye akitazama vema atamkuta jirani yetu.

Jina la uwanja latokana na vita ya baharini ya mwaka 1805, Waingereza walipowashinda Wafaransa na Wahispania. Jemadari wao, Nelson, aliuawa siku hiyo. Sanamu yake iliwekwa mwaka 1843 juu ya nguzo ndefu, na kimo cha vyote ni mita 52 hivi.

Katika pembe nne za uwanja mna majukwaa ya mawe ya kusimamishia sanamu. Matatu yana mfalme mmoja na majemadari wawili. La nne, lililojengwa mwaka 1841, lilikuwa la Mfalme William IV. Fedha zikapungua, likakaa tupu zaidi ya miaka 150. Tangu mwaka 1999 huwekwa kazi za wasanii kwa zamu.

Septemba 2022 ilifika zamu ya Samson Kambalu, mzaliwa wa Malawi. Alisimamisha watu wawili kutokana na picha ya mwaka 1914: Mchungaji John Chilembwe wa Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, na mmisionari Mzungu, John Chorley. Chilembwe amevaa kofia, na siku zile Mwafrika alikatazwa kuvaa kofia mbele ya Mzungu. Tena Kambalu alimfanya Chilembwe mkubwa kuliko mwenziwe, karibu mita 5.

Jambo hili latuhusu. Mwaka 1914 Waingereza wa Nyasaland walipigana na Wajerumani waliotawala nchi yetu. Chilembwe aliandika barua gazetini kupinga Waafrika kufia ugomvi usio wao. Januari 1915 aliongoza maasi, na Februari akauawa. Waafrika waliotumika upande wa Waingereza walikumbukwa Dar es Salaam mwaka 1927 kwa Sanamu ya Askari, iliyosubiwa London. Askari yule hana jina.

Zamu ya Chilembwe ilikwisha mwaka 2024. Nelson angali juu ya nguzo yake. Basi, msomaji, upitapo penye sanamu yoyote, uliza mambo matatu: nani amesimamishwa, nani alimsimamisha, na nani ameachwa?